Beseni la Asubuhi: Kuchagua Sambaza Kituku

Familia inayokuja kukaa wiki moja kando ya Ziwa Kivu na kujipikia yenyewe huanza kwa kukagua nyumba. Baba anafungua bomba, mama anabonyeza magodoro, watoto wanakimbilia barazani kuona kama ziwa linaonekana. Haya, waache. Nyumba yenye paa lisilovuja, ukuta wa mawe ya volkano na mahali pa kuweka mbabula, yaani jiko la makaa, inatosha. Likizo yenyewe inaamuliwa Kituku, soko la ufukweni kule Kyeshero, mjini Goma, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, pale mitumbwi inapopakua na akina mama wanapopanga mabeseni ya sambaza.

Jirani yangu mmoja alikuwa na desturi ya kuwapeleka watoto Bukavu kila likizo kubwa. Baada ya waasi wa M23 kuingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki zikafungwa na uwanja wa ndege ukafungwa, akahesabu alichonacho, akakodi vyumba viwili karibu na maji kwa siku tano. Siku ya kwanza alikwenda Kituku saa tano mchana. Jioni watoto walikula mayai.

Tuanze na samaki mwenyewe. Sambaza si mzaliwa wa Kivu. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati sehemu kubwa ya maji ya katikati ya ziwa haikuwa na samaki wa kuvuliwa. Ni jamaa ya dagaa wa Kigoma. Miaka michache baadaye samaki huyu huyu alipelekwa Kariba, na huko Wazambia na Wazimbabwe wanamwita kapenta. Anavuliwa usiku. Mitumbwi mitatu inaunganishwa kwa miti mirefu, wavu unateremshwa katikati, taa zinawashwa juu ya maji, na sambaza wanapanda kuufuata mwanga. Wavu unainuliwa mara kadhaa mpaka kukuche.

Hapo ndipo mnunuzi anatakiwa kutumia akili. Beseni moja la saa kumi na mbili linaweza kuwa na samaki waliotolewa majini saa mbili za usiku pamoja na wengine wa saa kumi alfajiri. Wote watasemwa ni wa leo, na kweli ni wa leo, lakini saa nane ni nyingi kwa samaki mwenye urefu wa kidole.

Tazama tumbo kwanza. Tumbo la sambaza ni jembamba na huanza kujila lenyewe upesi. Likiwa zima, gumu na jeupe, nunua. Likiwa limelegea na lina rangi ya njano karibu na mapezi, omba bei ipungue au sogea mbele. Likiwa limepasuka, hakuna ndimu wala pilipili itakayouondoa ule uchungu. Kisha mshike mmoja kwa kichwa, umlaze hewani. Akibaki amenyooka kama njiti, alitoka majini karibu na alfajiri. Akining'inia, amekesha. Macho yawe meusi na maangavu. Yakishakuwa na ukungu au wekundu, hata tumbo zima lisikudanganye. Ubavuni kuna mstari wa fedha, na sambaza aliyeshikwashikwa na kumwagwa kutoka beseni hadi beseni huwa ameshapoteza magamba yake.

Usiridhike na wale wa juu. Juu hupangwa wazuri, kila soko duniani linafanya hivyo. Sema kwa adabu, "Mama, naomba kuona wa chini," naye akiwa na mzigo mzuri atachota mwenyewe kwa sahani kutoka kitakoni na kukumwagia mbele ya macho. Angalia maji yaliyobaki chini. Yakiwa maangavu au mekundu kidogo, sawa. Yakiwa mazito kama mchuzi, asante mama, kesho.

Mimi mwenyewe nilidanganywa na maji. Asubuhi moja nilichelewa, nikamkuta muuzaji anayewanyunyizia samaki wake kila dakika; walikuwa wanametameta kama shilingi mpya. Nikanunua makopo manne. Nyumbani, walipokauka, waligeuka kijivu, na nusu yao walivunjika vipande kikaangoni. Tangu siku hiyo nikiona samaki wanaonyunyiziwa mno namwomba muuzaji anipe mmoja, namfuta kwa kitambaa, ndipo namtazama.

Mara nyingine utamwona katikati yao samaki mrefu zaidi, mwenye madoa ya buluu yanayong'aa. Huyo pia ana asili ya Tanganyika. Wataalamu wanamwita Lamprichthys na walimwona Kivu kwa mara ya kwanza mwaka 2006. Analiwa, ila siye uliyekuja kumlipia. Wakizidi, omba bei ishuke.

Kipimo nacho kina hila zake. Kopo hutazamwa ndani kabla ya kujazwa, maana kitako kikigongwa kuelekea juu kinakula samaki wako kumi bila kelele. Na matabishi, ile nyongeza ya mwisho, angalia inachotwa wapi. Muuzaji mzuri anachota beseni lile lile. Mwingine mkono wake unakwenda nyuma, kwenye beseni la jana.

Kuna jambo wageni hawalijui kabisa: mwezi. Usiku wa mbalamwezi taa za wavuvi hazina nguvu, sambaza wanatawanyika, asubuhi mabeseni ni machache na bei imepanda. Usiku wa giza ndio usiku wa wavuvi. Kwa hiyo kabla ya kulipia nyumba tazama kalenda, uchague wiki ambayo mwezi umekufa. Ushauri huu nimewapa watu wengi. Wanacheka, halafu wanarudi wakiwa wamekula tomson, yule samaki wa barafu, siku tano. Sina ugomvi na tomson, ametulisha sote, lakini anasafirishwa kutoka baharini na unaweza kumla popote Kongo.

Sambaza wakavu ni elimu nyingine, fupi. Wasugue kiganjani: ukiona mchanga mweusi, walikaushwa chini, na mchanga wa volkano hautoki hata ukiosha mara tatu. Tafuna mmoja pale pale. Meno yakisaga kokoto, rudisha.

Maji ya kuoshea yana uzito zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kituku utaona vijana wakichota ziwani kwa bido, yaani madumu, za njano, na mara nyingi kuna watu ufukweni wanaotia klorini bure. Simama kwenye foleni yao, kisha subiri nusu saa kabla ya kutumia. Mji huu unakijua kipindupindu: mwaka 1994 kiliua maelfu ya wakimbizi kwa majuma machache, na mpaka leo hurudi. Samaki mzuri aliyeoshwa kwa maji mabaya ni samaki mbaya.

Makala, yaani makaa ya kupikia: chukua vipande viwili uvigonge. Vikilia kama chuma, ni mti mgumu na vitadumu mpaka chai ya jioni. Vikitoa sauti ya kinyesi kikavu cha ng'ombe, samahani kwa lugha hii, vitaisha kabla ya bugali kuiva. Uliza pia yametoka wapi. Makala mengi yanayowaka vizuri hapa Goma yamekatwa ndani ya Hifadhi ya Virunga, na mnunuzi anayejua kuchagua ajue na hilo. Ya mikaratusi yanapatikana.

Kupika hakuna siri kubwa. Waoshe, wachuje, watandaze kwenye ungo mpaka ngozi ikauke, ndipo chumvi. Mafuta yawe moto kweli, samaki waingie wachache wachache, na usiwaguse mpaka wajitenge wenyewe na kikaango. Wanaliwa na vichwa vyao, pamoja na sombe na bugali ya muhogo, na baadaye nanasi la kisiwa cha Idjwi. Mtoto anayekataa kichwa usimlazimishe. Siku ya tatu atakuibia chako.

Mchana watoto watataka kuoga. Mamba hakuna Kivu. Kuna mazuku: hewa nzito ya kaboni inayotoka ardhini na kulala mabondeni na kwenye vishimo karibu na maji, hasa usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia. Haionekani, inaua mbuzi na mbwa, na kichwa cha mtoto kiko karibu na ardhi kuliko chako. Muulize mwenyeji wa pale pale ni sehemu zipi, naye atakuonyesha kwa kidole bila kufikiri.

Mkitaka kwenda Idjwi, tathmini boti kwa ukali ule ule wa sambaza. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama hatua chache kabla ya kufika Kituku, watu wa gatini wakiitazama, na makumi walikufa. Barabara ilikuwa imekatwa na vita, kila mtu na mzigo wake walisafiri kwa maji. Angalia ukingo wa boti uko juu ya maji kwa kiasi gani, na uhesabu makoti ya kuokolea, si kwa kusikia, kwa macho. Makoti yakiwa machache kuliko watu, shukeni.

Basi, kesho amka mapema. Beba ndoo yako mwenyewe yenye kifuniko, kitambaa cha kufutia, na noti ndogo za faranga. Dola iliyochanika hata kidogo ukingoni, Kituku hawaipokei.