Kilio Peke Yake Hakitoshi

Waandishi chipukizi wenzangu, hebu tuulizane: mtoto anayeteseka anaandikwaje? Wengi wetu tunalowesha ukurasa mzima kwa machozi, tukidhani kazi imekwisha.

Tuangalie Uingereza. Tarehe 4 Julai 1838 maji ya mvua yaliingia katika mgodi wa makaa ya mawe wa Huskar, Yorkshire, yakaua watoto 26, wengine wa miaka 7 tu. Mwaka 1840 iliundwa tume ya kuchunguza ajira ya watoto, na ripoti yake kuhusu migodi ikatoka 1842. Mwaka uliofuata Elizabeth Barrett, akiguswa na kazi ya tume hiyo, alichapisha shairi lake "The Cry of the Children".

Shairi ni zito, tena lina mdundo. Ila kwa mtazamo wangu lina kasoro: watoto wanasema kwa pamoja kama kwaya, na maneno yao ni ya mtu mzima aliyesoma. Alice anatajwa kwa jina, lakini keshakufa.

Sasa fungua ripoti. Yumo Sarah Gooder, miaka 8. Kazi yake ni kufungua na kufunga mlango wa hewa chini ya ardhi, bila taa. Anaingia saa 10 alfajiri, anatoka saa 11 jioni. Anaeleza kwamba akipata mwanga huimba, lakini gizani hathubutu. Basi! Hakuna "ole wangu" hata moja, na bado unakabwa na koo.

Je, ripoti imelishinda shairi? Taratibu jamani. Nayo ilichagua cha kuonesha. Ilikuwa na michoro ya watoto wakivuta vigari vya makaa, wengine nusu uchi, na wakubwa wengi walishtushwa na uchi kuliko jasho. Sheria ya 1842 ikawatoa migodini wanawake na wasichana wote. Mvulana aliyefikisha miaka 10 akaendelea kushuka shimoni. Wanawake nao walipoteza mshahara bila kupewa kazi nyingine.

Hapo ndipo maudhui na fani vinapokutana. Unachomwonesha msomaji ndicho atakachokishughulikia. Kwa hiyo kabla ya kumliza, mwambie kwanza mtoto anaingia kazini saa ngapi, analipwa shilingi ngapi, na faida inakwenda mfukoni mwa nani.