Zaburi ya 121 na Lahani ya Kuazima

Katika yote yaliyofanywa na familia ile ya Matiliku kwenye ibada ya shukrani ya mavuno, hapakuwa na kosa lililo dhahiri kuliko lile la aya ya tano. Na kwa kuwa wasomaji wangu wengi walikuwapo na masikio yao ni mazima, sitapoteza wino kuisimulia ibada, bali nitakwenda moja kwa moja pale ambapo baba, baada ya kuziimba aya nne za Zaburi ya 121 kwa namna ya ngui wa Kikamba, yeye akitoa nusu ya kwanza ya aya na watoto wake wakimjibu kwa nusu ya pili, aliinua mkono, akakinyamazisha kiitikio, na kuitumbukiza zaburi yote iliyobaki katika lahani ya Waskoti iitwayo Crimond.

Lahani ile, iliyopigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1872 na ambayo aghalabu hunasibishwa na Jessie Seymour Irvine, ni nzuri kwa kazi iliyoumbiwa. Iliumbiwa beti za Kiingereza za mizani 8, 6, 8, 6, ambazo kila mstari wake huanza kwa silabi nyepesi na kumalizika kwa silabi nzito. Kiswahili hakiendi hivyo: mkazo wetu hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, na kila mstari, upende usipende, hushuka kwa wepesi. Sasa litwae neno Bwana, ambalo ndilo linaloifungua aya ya tano. Silabi yake ya kwanza ilipita juu juu kabla ya pigo, na pigo lenyewe, zito kama ilivyo desturi ya lahani ile, likaiangukia silabi ya pili, tukasikia jina la Mola likitamkwa kama linavyotamkwa na mgeni aliyeshuka chomboni jana. Neno la kuufunga mstari likapata madhara yaleyale, kwa kuwa noti ndefu ya mwisho ilikaliwa na silabi ambayo haina haki ya kukaa hapo. Zaidi ya hayo, aya ya Biblia ya mwaka 1952 haikutungwa kwa hesabu ya mizani, basi ilibidi maneno marefu yabanwe katika noti moja na mafupi yavutwe katika noti tatu, hata mtoto wa mwisho, ambaye hadi hapo alikuwa akiimba kwa yakini, akafunga kinywa na kumtazama mama yake.

Wapo watakaosema kwamba lahani inayojulikana humsaidia msikilizaji. Hasha! Msikilizaji alikwisha kusaidiwa na kiitikio. Zaburi hii, mojawapo ya zile 15 za kupandia Yerusalemu, ina aya nane tu, na katika aya hizo fikira ya kulinda hurudi mara sita katika Kiebrania, na wafasiri wetu waliilinda kwa uaminifu katika Kiswahili. Mara ya kwanza ni katika aya ya tatu, ya pili katika aya ya nne, na zote mbili zilikuwa zimekwisha kutua vinywani mwa watoto, maana baba aliugawanya usemi vizuri. Zilibaki nne: moja katika aya ya tano, mbili katika ya saba, moja katika ya nane. Yaani aliivunja ngazi akiwa amepanda vidato viwili, na kusanyiko lililokuwa limeanza kuitikia pamoja na watoto, kina mama wa mabenchi ya nyuma wakiwa wa kwanza, likarudi kuwa watazamaji.

Kosa hili lingekuwa dogo kama lingetendwa na kwaya ya shule. Kwaya ya shule hufundishwa wimbo uliochaguliwa na wengine, kwa muda uliopangwa na wengine, ili ushindaniwe katika tamasha la muziki la nchi hii, ambalo tangu mwaka 1927 limetuzoesha kudhani kwamba kuimba ni jambo la kupewa alama. Familia hii, inayosomesha watoto wake nyumbani, haina udhuru huo. (Kadhia ya sheria, na hasa Sheria ya Elimu Msingi ya mwaka 2013, nawaachia mawakili.) Wao wana asubuhi nzima na meza moja, na kwao zaburi inayoimbwa ndiyo somo la kusoma, la kuhifadhi na la matamshi kwa pamoja. Basi mkazo uliopotoka katika wimbo haubaki katika wimbo; huhamia katika usomaji, na nyumbani hakuna mwalimu wa darasa la pili wa kuurekebisha. Mtoto husoma kama alivyoimba. Na kama siku moja baba ataipeleka Crimond katika zaburi za Kikamba, lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti hutenga neno na neno, madhara yatakuwa maradufu.

Insafu yanidai niseme kwamba sauti ya pili ya mama ilikuwa safi tangu mwanzo hadi mwisho, na kwamba kutopiga kinanda kulikuwa busara.

Nimesema kinanda, na wanaonijua wanajua kwamba sitalipita neno hilo kimya. Maradhi ya aya ya tano yana ukoo na maradhi ya kile kisanduku cha mapigo kinachozipa zaburi zote mwendo mmoja, na ya mtindo wa kuipandisha sauti nusu hatua katika ubeti wa mwisho ili watu wapige makofi. Asili ya yote ni kutoyaamini maneno. Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission, walipofungua kituo chao cha kwanza katika nchi hii huko Nzaui, jirani na Matiliku yenyewe, mwaka 1895, walikuja na nyimbo walizozijua, wala siwalaumu wageni kwa kuimba kigeni. Namlaumu mwenyeji aliyekwisha kuishika njia yake mkononi na kuitupa katikati ya safari.

Laiti angewakumbuka wale watu watano wa tume ya mwaka 1963, Graham Hyslop, Thomas Kalume, George Senoga-Zake, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ambao walipotakiwa kuipatia Kenya wimbo wa taifa hawakwenda Scotland, bali waliichukua lahani ya Wapokomo ya kubembelezea mtoto, iliyotoka kwa Mzee Meza Morowa Galana, wakajenga juu yake! Au Missa Luba, iliyozaliwa Kamina mwaka 1958 mikononi mwa Guido Haazen na waimbaji wake Wakongo, ambamo Kilatini cha misa kiliachiwa mwendo wa waimbaji wenyewe. Boniface Mganga na Muungano National Choir walipoirekodi mwaka 1990 walionyesha nidhamu ambayo siku hizi naisikia kwa nadra. Watu hao wangeifikia aya ya tano na kuongeza kiitikio, si kukiondoa.

Na kama baba alihisi kwamba mtindo wa ngui umechosha na lazima ubadilishwe, utenzi ulikuwa mlangoni. Kipande cha utenzi kina mizani nane, hesabu ileile ya mstari wa kwanza wa Crimond, lakini mkazo wake mkuu hukaa katika mizani ya saba na ya nane hupumzika, na hivyo ndivyo ulivyoimbwa pwani tangu kabla Bwana Mwengo hajaandika Utendi wa Tambuka mwaka 1728. Angeyapanga maneno ya aya nne za mwisho katika vipande hivyo, kazi ya juma moja mezani pamoja na watoto, nao wangejifunza humo mizani na vina bila kununua kitabu.

Nasikia wanajiandaa kuimba tena. Nashauri Zaburi ya 136, yenye aya 26 na kiitikio kilichokwisha kupangwa na mtunzi mwenyewe katika kila moja, ambamo baba hatapata upenyo wa kuingiza Crimond hata akiutafuta.