Mtu wa Sauti

Nilitazama *Mo & Me* kwenye simu, hapa Endebess, stima ikiwa imepotea na chaji imebaki asilimia 20. Ni filamu ya 2006 ambamo Salim Amin anamsimulia babake, Mohamed Amin, mpiga picha Mkenya aliyeuonyesha ulimwengu njaa ya Ethiopia. BBC ilitangaza taarifa ile 23 Oktoba 1984. Julai iliyofuata ikaja Live Aid. Hayo mnayajua.

Kwa upande wa mwana, sina ugomvi na filamu hii. Salim hamchongei babake sanamu. Anatuonyesha baba ambaye kazi ilimnyang'anya nyumbani, na hilo si rahisi kulisema mbele ya kamera.

Lakini jina la filamu lina nafasi za watu wawili tu, nami nilikuwa namtafuta wa tatu: John Mathai, mtu wa sauti. Enzi za kanda, bana, mtu wa sauti aliunganishwa na kamera kwa waya. Mwenye kamera akikimbilia moto, wewe unavutwa nyuma yake, macho yako kwenye mishale ya kinasa sauti. Juni 1991, ghala la silaha lilipolipuka Addis Ababa, Mohamed Amin alipoteza mkono wa kushoto. Mathai alipoteza maisha. Mkono ule umesimuliwa mpaka basi: mkono bandia, kurudi kazini. Mathai, kila ninaposoma mkasa ule, ni sentensi moja.

Miaka miwili baadaye, 12 Julai 1993, umati uliwaua wanahabari wanne Mogadishu. Dan Eldon ametengenezewa filamu, *The Journey Is the Destination*. Ya Mkenya mwenzetu Anthony Macharia, mtu wa sauti wa Reuters, sijaiona. Wala ya mpiga picha Hos Maina.

Labda naudhika hivi kwa sababu ya 2008. Endebess ilijaa wakimbizi wa ndani baada ya uchaguzi, nami nilikuwa mtoto. Wanahabari wakaja. Mmoja alibeba maikrofoni yenye manyoya kwenye mti mrefu. Tulimfuata tukidhani ni paka. Akatuashiria tunyamaze, akasimama mkono juu muda mrefu, mama mmoja akisimulia. Jioni, kwenye TV ya hotelini, kila neno la yule mama lilisikika. Kisha ripota akataja jina lake na la mji wetu, likaja tangazo la sabuni.