Mkristo wa Tatu

Msomaji, ukikisoma kitabu cha Ngũgĩ wa Thiong'o kiitwacho A Grain of Wheat, kilichotolewa mwaka 1967, utakutana na Wakristo wawili. Wa kwanza ni Kihika, aliyeingia msituni na Biblia yake ili aipiganie nchi. Wa pili ni Mchungaji Jackson Kigondu, kiongozi wa Uamsho, ambaye siku za Hali ya Hatari aliwaita waumini wapigane bega kwa bega na Mzungu. Alionywa mara tatu, asisikie, akauawa.

Je, picha hiyo ni ya kweli? Ni nusu ya kweli. Wakristo wengi walijiunga na Homugadi, walinzi waliopewa silaha na serikali. Lakini Uamsho, uliofika Kenya kutoka Rwanda mwaka 1937, ulizaa watu wa namna nyingine pia. Walikataa kiapo cha Mau Mau, wakisema wamekwisha kuinywa damu ya Kristo. Wakaikataa na bunduki ya serikali, kwa kuwa hawakuweza kumwua mtu ambaye Kristo alimfia. Wengine waliuawa kwa sababu hiyo.

Wewe ukaaye Bahati, Kaloleni au Pumwani, fikiri ugumu wa msimamo huo. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliuzingira mji wa Nairobi. Wagikuyu, Waembu na Wameru walipangwa mistari. Mtu aliyefunikwa gunia usoni akitikisa kichwa tu, mwenzake akaenda kizuizini. Maelfu walichukuliwa. Katika siku kama hizo kila jirani aliuliza: wewe u upande gani? Mshika mbili moja humponyoka. Hawa hawakushika hata moja.

Hata hivyo tusiwasifu kupita kiasi. Asiyeua ameiweka mikono yake safi, lakini shamba alilonyang'anywa jirani halikurudi kwa hilo, wala aliyefungwa bila hukumu hakufunguliwa. Amani isiyouliza habari za haki ina upungufu, na Ngũgĩ alikuwa na sababu ya kuikasirikia.

Basi kosa lake si kumwumba Jackson. Kosa ni kumwacha asimame badala ya ndugu zake wote. Usomapo tena, mtafute Mkristo wa tatu, asiyepewa nafasi kitabuni. Kisha ujiulize ungemjibu nini angalipobisha mlangoni pako usiku ule.