Viwavi Wale Hawakustahili Kuhamishwa

Waliofuatilia ufugaji wa vipepeo kandoni mwa ziwa Tshangalele, huku kwetu Katanga, katika masika yaliyopita hawana haja ya kuhadithiwa upya jinsi maradhi yalivyoyapiga matundu yote mawili. Ninalokusudia kulipambanua hapa ni jambo la asubuhi moja tu, pale mfugaji, baada ya kukuta baadhi ya viwavi wake wamening'inia vichwa chini, weusi, wamelegea na kuvuja maji yenye uvundo, alipowaokota wale waliokuwa wangali wakitembea akawatia katika tundu la pili, pamoja na wenzao wazima. Uamuzi ule ulikuwa kosa dhahiri. Sisemi hivi kwa kumdharau, kwani ni mtu mwenye bidii, na usafi wake wa kuondoa mavi ya viwavi kila alfajiri ni wa kupigiwa mfano. Lakini yote yaliyomfika baadaye yalitokana na mkono ule uliohamisha.

Tuangalie alichokuwa nacho mbele ya macho yake. Kiwavi anayekufa, akavimba, akageuka mweusi, kisha akayeyuka ndani ya ngozi yake hata ikapasuka kwa kuguswa tu, aghalabu ameuawa na virusi wa namna inayojifungia katika vifuko vidogo vya protini, na vifuko hivyo ngozi ikipasuka humwagika juu ya majani kwa mamilioni, visidhuriwe na ukavu, vikingoja mdomo wa kiwavi mwingine. Vikishamezwa, magadi yaliyomo tumboni mwa kiwavi ndiyo yanayovifungua. Tangu hapo hupita siku kadhaa ambazo mgonjwa hula kwa hamu, hutembea, hunya, wala hana alama yoyote ya kumfedhehesha. Basi mfugaji alipotoa hoja kwamba aliowahamisha walikuwa wakitembea, alitoa hoja isiyokuwa na uzito hata wa unyoya, maana katika maradhi haya kutembea si ushahidi wa afya. Ushahidi ulikuwa mmoja tu, nao ni kwamba wote walikula majani yale yale, wakapita juu ya chandarua kile kile.

Aliniambia kwamba lau angaliwaacha mle ndani wangalikufa, na kwamba hakuwa na tundu la tatu. Nimezisikia hujja hizi mara nyingi na kwa wafugaji wengi, na kila nizisikiapo huona kwamba huruma imekosa mahali pa kukaa. Hakuna aliyemtaka tundu la tatu. Vyupa vya mdomo mpana, vilivyofunikwa kwa kitambaa, kila kiwavi na chupa yake na jani lake, vingalimtosha. Ambaye angalikufa angalikufa peke yake, na ambaye angalisalimika tungalijua kwa yakini kwamba amesalimika. Iwe maradhi yalikuwa ya virusi, iwe yalikuwa ya bakteria waliokaribishwa na majani yaliyowekwa yakiwa yangali na umande wa ziwa, hukumu ni ile ile: mtenge kila mmoja, wachome waliokufa, uliloweke tundu katika maji ya javeli, fungu moja la javeli kwa mafungu manne ya maji, kwa muda wa saa nne, kisha ulisuuze na kulianika juani mpaka harufu iishe. Yeye aliliosha tundu la kwanza kwa sabuni, akaridhika.

Nami nirudie nililolisema miaka yote bila ya kusikilizwa, kwamba wafugaji wetu huogopa weusi usio na hatia wakaupuuza ulio na hatia. Bundo la kipepeo tunayemfuga, Danaus chrysippus, siku ya mwisho kabla ya kufunguka, hugeuka jeusi, na ukilitazama kwenye mwanga utaziona mbawa za rangi ya machungwa zimekunjwa ndani. Wangapi wamelitupa bundo hilo wakidhani limeoza? Lililooza halipenywi na mwanga, hulainika, hunuka. Vivyo hivyo kiwavi anayetulia siku nzima bila ya kula huenda anajiandaa kujivua ngozi, wala si mgonjwa. Na anayetapika maji ya kijani akijipindapinda, muulize kwanza jirani kama hakupulizia dawa mboga zake. Ukiona nyuzi zinaning'inia chini ya bundo, umekwisha kushindwa na inzi, na wa kulaumiwa ni aliyewaacha viwavi nje bila ya chandarua.

Katika mambo haya hakuna aliyewapita wazee wa hariri. Mwaka 1865 Louis Pasteur, mtu ambaye hadi wakati huo hakuwa na habari yoyote ya viwavi, alipelekwa Alès, kusini mwa Ufaransa, ambako maradhi yalikuwa yamewafilisi wafugaji wa nondo wa hariri. Ilimchukua miaka kutambua kwamba mbele yake palikuwa na maradhi mawili yaliyochanganyika: moja linalorithiwa kutoka kwa mama kwa njia ya yai, na jingine la kulegea na kuoza, linalostawi katika msongamano na majani yenye maji. Kwa lile la kwanza akaweka kanuni ambayo mpaka leo sijaona iliyo bora: kila nondo jike atage mahali pake peke yake, kisha mwili wake upondwe na kutazamwa kwa darubini, na zikionekana chembe za ugonjwa, mayai yake yote yateketezwe, hata yawe mazuri namna gani. Alipatwa na kiharusi mwaka 1868 naye hakuiacha kazi ile. Mtu huyo hangalihamisha kiwavi hata mmoja.

Kwa kipepeo wa Marekani aitwaye mfalme, ambaye huyu wetu ni ndugu yake, kanuni hiyo imelainishwa. Kuna kimelea, Ophryocystis elektroscirrha, kilichoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1970 kutokana na vipepeo wa Florida, ambacho mama hukidondosha juu ya mayai na majani anapotaga. Kiwavi hukila, naye aghalabu haonyeshi lolote mpaka anapokuwa kipepeo, na hapo mbawa huenda zikakataa kukunjuka. Dawa hakina. Wafugaji wa huko hubandika ukanda wa gundi unaong'aa juu ya tumbo la kipepeo, wakautazama kwa darubini, wala kipepeo hafi. Darubini ya shule inatosha.

Wenzetu wa Gede, pwani ya Kenya, ambao wamekuwa wakiuza mabundo ng'ambo kupitia mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993 kandoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, wanajua kwamba mnunuzi hununua bundo lililo hai. Mfugaji anayetazamia kipato hana ruhusa ya kuwa na huruma ya kuchanganya. Sisi wa Katanga, tuliozoea kuwaona viwavi sokoni wakiuzwa kwa kopo kama kitoweo, huenda tumezoea mno kuwahesabu kwa jumla, na ufugaji huu hauendi kwa jumla.

Tundu la pili, kama nilivyoarifiwa, lingali linatumika, na vipepeo wachache waliofanikiwa kutoka humo wamekwisha kutaga. Mayai hayo yasigawiwe jirani wala shule yoyote. Majike wale watazamwe kwa ukanda na darubini kabla ya yai jingine kuanguliwa, mayai yaliyopo yatengwe, kila jike na chupa yake, na chandarua kile kitiwe katika javeli leo, wala si kesho.