Merikani ya Bibi, Mkonge wa Babu

Swali la mtihani wa majaribio lilitaka madhara sita ya Mdororo Mkuu wa Uchumi kwa makoloni ya Afrika. Nilikuwa nayo yote sita, kwa mpangilio wake, maana tulikuwa tumeyakariri darasani wiki nzima: bei za mazao zilishuka, mishahara ikakatwa, ajira zikapungua, na kuendelea. Chini ya pointi ya kwanza niliandika mfano uliokuwa kwenye notisi: kakao ya Gold Coast. Nikapata alama 17 kati ya 20, nikafurahi.

Shule yetu ilikuwa Tanga. Ukipanda basi kwenda Muheza, mkonge unakusindikiza huku na huku ya barabara. Babu yangu alikata mkonge. Baba yake babu alitoka Tabora akaja kukata mkonge, akiwa mmoja wa wale walioitwa manamba. Mimi, kitukuu wake, nikatoa mfano wa kakao.

Mfano ule haukuwa wa uongo. Wakulima wa kakao waliumia kweli. Kinachonisumbua ni kwamba haukunipitia akilini mfano mwingine wowote. Hivi karibuni nilizifungua tena notisi zile, safari hii nikizisoma kama mtu anayehakiki kitabu. Kuhusu Marekani zina sehemu mbili. Ya kidato cha nne inaeleza kuanguka kwa soko la hisa la New York mwaka 1929, kisha Rais Franklin Roosevelt na mpango wake wa New Deal. Ya kidato cha sita inaeleza jinsi Marekani ilivyoibuka kuwa taifa kubwa la kibepari. Kasoro yake kubwa kama maandishi ni moja: hazina watu. Bei zinashuka zenyewe. Mishahara inakatwa, lakini haonekani aliyekata wala aliyekatwa.

Kwa kuwa mkulima wa ngano wa Kansas hayumo, baba yake babu naye hawezi kuwamo, maana wawili hao walifungwa kwa kamba moja. Sisemi kwa mafumbo. Mashine za kuvunia ngano za enzi zile zilifunga miganda kwa kamba, na kamba nyingi zilisokotwa kwa nyuzi za mkonge. Ngano ilipokosa bei, mkulima hakuwa na fedha ya kamba, na bei ya mkonge duniani ikaporomoka. Nyumbani kwetu habari hiyo inasimuliwa bila kutaja New York: ulifika wakati mtu alimaliza kipande chake cha siku thelathini, akapewa karibu nusu ya ujira aliouzoea.

Hata mmea wenyewe ulipitia Marekani. Asili yake ni Mexico. Henry Perrine, aliyekuwa konseli wa Marekani huko Campeche, aliupeleka Florida, na mwaka 1840 akauawa kisiwani Indian Key, wakati Marekani ikipigana na Waseminole ili kuwaondoa katika ardhi yao. Miaka hamsini baadaye Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Tanga hai mwaka 1893 ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Nilisoma ukoloni wa Kijerumani kidato cha tatu na Marekani kidato cha nne, na hakuna ukurasa uliosema kwamba hadithi hizo mbili zilikutana umbali wa safari moja ya daladala.

Upande wa bibi nao una yake. Bibi ni wa Pangani, na akitaka kushona mfuko wa godoro la sufi hunituma dukani nikamletee merikani. Nilidhani ni jina tu la kitambaa, kama kaniki. Siku nilipomuuliza, alinitazama kwa huruma: "Mjukuu wangu, na kusoma kote huko? Si nguo ya Wamarekani hiyo!" Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na konseli wao wa kwanza, Richard Waters, alifika Unguja mwaka 1837. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta shuka za pamba kutoka viwanda vya kaskazini mwa nchi yao, na shuka hizo zikaenda bara na misafara kama fedha. Pamba yake ilivunwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Ilifika kwenye pwani iliyokuwa na watumwa wake yenyewe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipokatiza pamba, merikani ikaadimika huku kwetu.

Haki itendeke kwa mtaala. Waliobuni mada kama "migogoro katika mfumo wa kibepari" walikuwa na ujasiri. Ndani yake nasikia mwangwi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha enzi za Walter Rodney, ambaye kitabu chake cha 1972 kilisisitiza kwamba utajiri wa kule na umaskini wa huku ni habari moja. Wazo hilo limebaki kwenye vichwa vya mada. Kwenye notisi limegeuka orodha. Wala simlaumu mwalimu wetu, aliyekuwa na wanafunzi zaidi ya sitini na mada nyingi za kumaliza kabla ya mtihani wa taifa.

Sasa tuna somo jipya, Historia ya Tanzania na Maadili, tena kwa Kiswahili. Nalipokea kwa mikono miwili, kwani neno "merikani" lina nafasi ya kusikika darasani. Lakini nina wasiwasi. Tukiweka historia ya nyumbani kwenye daftari moja na ya dunia kwenye daftari jingine, baba yake babu atabaki kuwa habari ya familia, na Kansas itabaki kuwa habari ya wengine. Hapo hatutaelewa kwa nini hata leo uamuzi unaofanywa Washington unatikisa bei na ajira za Tanga.

Leo swali lile ningelijibu kwa mkonge. Nina hakika msahihishaji angenipa 17 zilezile, kwa kuwa kwake kakao na mkonge ni mfano mmoja na alama moja. Babu angeona tofauti. Alifariki kabla sijamuuliza baba yake alilipwa kiasi gani, na ule mwaka niliokuwa nakariri pointi sita alikuwa bado hai, ameketi barazani.