Insulini Wakati wa Malaria, Upasuaji na Malale: Hesabu ya Sukari katika Hospitali ya Msituni

Mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza hana insulini isipokuwa ile anayochomwa. Seli za kongosho zilizokuwa zikiitengeneza zimeharibiwa na kinga ya mwili wake mwenyewe, na pengo hilo halizibwi kwa vidonge wala kwa kujinyima wanga. Insulini ina kazi hata mtu anapolala bila kula: hulizuia ini lisimwage sukari ovyo kwenye damu, na huyazuia mafuta ya mwili yasiyeyuke na kugeuka ketoni. Ikikosekana, ketoni hujaa, damu huwa na asidi, na mgonjwa anaweza kufa ndani ya siku chache. Kwa hiyo anapolazwa kwa malaria, ngiri au kifua kikuu, kuchomwa insulini si jambo la kujadiliwa. La kuamua ni kiasi gani, saa ngapi, na sukari ya kwenda sambamba na insulini hiyo iingie kwa njia gani ikiwa hawezi kula.

Yahuma, moja ya maeneo ya utawala ya mkoa wa Tshopo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, imo ndani ya msitu magharibi mwa Kisangani. Anayetolewa huko kupelekwa kwenye kliniki za Chuo Kikuu cha Kisangani husafiri kwa pikipiki na kwa chombo cha mtoni, na hali ya mgonjwa wa kisukari inaweza kugeuka kabisa kabla hajafika. Sehemu kubwa ya kazi basi hufanyika palepale, kwa vifaa vichache: insulini ya haraka, ambayo huanza kufanya kazi kama nusu saa baada ya kuchomwa chini ya ngozi, insulini ya NPH, yenye rangi ya maziwa, iliyobuniwa Denmark mwaka 1946 na inayodumu zaidi ya nusu siku, kipima sukari cha tone la damu, na vijiti vya kupima ketoni kwenye mkojo. Vitabu vya hospitali kubwa huzungumzia pampu za umeme na vihisi vinavyobandikwa ngozini. Njia zinazofaa Yahuma zimeandikwa pia, ila ni za zamani zaidi, na zinastahili kusomwa upya.

Malaria ndiyo hali ya kwanza kufikiriwa, na huivuta sukari pande mbili kwa wakati mmoja. Homa huamsha adrenalini na kotisoli, homoni zinazopingana na insulini, na sukari hupanda. Papo hapo vimelea hula glukosi, akiba ya ini humalizika kwa mtu asiyekula, na ini lenyewe hushindwa kutengeneza glukosi mpya, hivyo sukari hushuka. Mgonjwa yuleyule, kwa dozi ileile ya insulini, anaweza kuwa na miligramu 320 kwa desilita asubuhi na 55 jioni. Dozi ya nyumbani haiwezi kuwa mwongozo tena. Kipimo ndicho mwongozo.

Dawa nazo zilibadilisha hesabu. Kwa miaka mingi malaria kali ilitibiwa kwa kwinini ya mshipa, iliyochanganywa kwenye dripu ya glukosi na kupitishwa kwa saa 4, kila baada ya saa 8. Kulikuwa na sababu ya kuichanganya na glukosi: kwinini hulisukuma kongosho kumwaga insulini. Nicholas White na wenzake walieleza mwaka 1983, kutokana na wagonjwa wa Thailand, jinsi sukari inavyoporomoka huku insulini ikiwa juu kwenye damu. Kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza msukumo huo haupati kitu cha kusukuma, isipokuwa kwa aliyegunduliwa karibuni, ambaye bado ana mabaki ya seli hai. Hata hivyo alikuwa akipata glukosi ya dripu. Chupa tatu za nusu lita za glukosi ya asilimia 5 humpa gramu 75 kwa siku, ambazo si chakula cha kutosha, lakini huruhusu insulini kuendelea bila kumwangusha.

Kisha ikaja atesuneti. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2010 lilihusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Kongo, Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Waliopewa atesuneti walikufa asilimia 8.5, waliopewa kwinini asilimia 10.9, na kushuka kwa sukari baada ya kulazwa kulikuwa kuchache zaidi upande wa atesuneti. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto mwaka 2011, baada ya kufanya hivyo kwa watu wazima mwaka 2006. Ni ushindi usio na shaka. Lakini atesuneti huchomwa kwa ujazo mdogo ndani ya dakika chache, saa ya 0, ya 12 na ya 24, kisha mara moja kwa siku. Haileti glukosi ya maana. Ile sukari iliyokuwa ikiingia yenyewe pamoja na kwinini sasa ni lazima iandikwe kwenye faili kama agizo la peke yake. Agizo hilo likisahauliwa, muuguzi hubaki na njia mbili, zote mbaya: kuchoma insulini kwa mtu asiye na chakula, au kuiacha kabisa.

Utaratibu unaofaa ni huu. Dripu ya glukosi huendeshwa polepole. NPH huendelea kwa nusu au theluthi mbili ya dozi ya kawaida, na insulini ya haraka huongezwa kidogokidogo kila baada ya saa 4 hadi 6 kwa kufuata kipimo. Aliyepoteza fahamu hupimwa kila saa. Sukari ikishuka, mtoto hupewa mililita 5 za glukosi ya asilimia 10 kwa kila kilo ya uzito wake kupitia mshipa. Mshipa usipopatikana, kijiko cha chai cha sukari kilicholoweshwa kwa matone ya maji huwekwa chini ya ulimi na kurudiwa. Woga wa kumtundikia mwenye kisukari dripu ya glukosi, na kumwekea maji ya chumvi peke yake kwa siku nzima, ndio unaofungua mlango wa ketoni. Glukosi ibaki, na insulini iifunike.

Kupumua kwa kina na kwa kasi hudanganya sana hapa. Malaria kali huleta asidi kwenye damu na pumzi ya namna hiyo. Ketoni nazo huleta pumzi hiyohiyo. Nimonia haiko mbali nazo. Mtoto ambaye hajawahi kuambiwa kuwa ana kisukari anaweza kutibiwa malaria siku mbili wakati anakufa kwa kukosa insulini. Tone la damu na kijiti kimoja kwenye mkojo hutenganisha hali hizi kwa dakika mbili, na hakuna kipimo kingine cha bei hiyo chenye faida kubwa namna hiyo.

Kipima sukari chenyewe kina udhaifu unaojitokeza palepale kinapohitajika zaidi. Vipima vingi vimetengenezwa kwa damu yenye chembe nyekundu za kawaida. Chembe zikipungua sana, kama kwa mtoto wa malaria mwenye himoglobini chini ya gramu 5 kwa desilita, vingi husoma sukari juu kuliko ilivyo. Namba 80 kwenye kioo inaweza kuficha sukari iliyokwisha kushuka kwenye hatari. Kwa mgonjwa mweupe wa viganja, basi, kiwango cha kuanza kutoa glukosi husogezwa juu, na jasho, kutetemeka au kuchanganyikiwa huaminiwa kabla ya namba. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu nacho hakifai kwa muda mrefu baada ya malaria kali au kuongezewa damu, wala kwa mwenye selimundu, kwa sababu chembe zinazopimwa hazijaishi muda wake wote.

Upasuaji unaopangwa, kama wa ngiri, una nafuu moja: saa yake inajulikana. Mgonjwa huwekwa wa kwanza asubuhi, hupewa nusu ya NPH yake, na insulini ya haraka ya kifungua kinywa huachwa kwa kuwa kifungua kinywa chenyewe hakipo. Upasuaji mfupi, ambao mgonjwa atakula mchana, hauhitaji mengi zaidi ya hapo. Kazi ngumu ni ule mrefu au wa dharura, ambao baada yake tumbo litakaa bila chakula siku moja au mbili. Kwa huo Alberti na Thomas walieleza mwaka 1979, katika jarida la Kiingereza la wataalamu wa usingizi, njia ya chupa moja: nusu lita ya glukosi ya asilimia 10, ndani yake yuniti 10 za insulini ya haraka na milimoli 10 za kloridi ya potasiamu, zikipita mililita 100 kwa saa. Baadaye kiasi cha kuanzia kilipandishwa hadi yuniti 15.

Hesabu yake ni nyepesi. Chupa huisha kwa saa 5, na kila saa mgonjwa hupata gramu 10 za glukosi pamoja na yuniti 3 za insulini. Sukari hupimwa kila saa moja au mbili, lengo likiwa kati ya miligramu 110 na 180. Ikizidi, chupa hubadilishwa kwa nyingine yenye yuniti 20. Ikipungua, kwa yenye yuniti 10. Potasiamu imo kwa sababu insulini huipeleka ndani ya seli, na moyo hauvumilii upungufu wake. Lakini haiwekwi kwa mgonjwa asiyekojoa. Pale ambapo glukosi ya asilimia 10 haipo, mililita 50 hutolewa kwenye chupa ya nusu lita ya asilimia 5, na mahali pake hutiwa mililita 50 za asilimia 50. Mchanganyiko huo ni asilimia 9.5, na unatosha. Insulini hung'ang'ania plastiki, kwa hiyo chupa hutikiswa vizuri na maji ya kwanza huachwa yapite kwenye mpira kabla ya kuunganishwa na mshipa.

Hospitali za Ulaya zimeiacha njia hiyo kwa kiasi kikubwa, zikitumia pampu inayopitisha insulini peke yake na glukosi peke yake, kwa sababu kila marekebisho ya chupa ni chupa mpya. Kwa hospitali yenye muuguzi mmoja wa zamu ya usiku na umeme wa kukatika, chupa moja bado ni bora. Mpira ukijikunja au sindano ikitoka kwenye mshipa, insulini na glukosi husimama pamoja. Kwenye njia mbili tofauti, glukosi inaweza kuziba huku insulini ikiendelea kuingia, na mgonjwa aliye chini ya dawa ya usingizi hawezi kusema kwamba anatetemeka.

Malale yana historia ya pekee katika hesabu hii, na Isangi, jirani ya Yahuma, ni eneo linalojulikana kwa ugonjwa huo. Hatua yake ya kwanza ilitibiwa kwa miongo mingi kwa pentamidini, sindano ya msuli ya kila siku kwa siku 7. Pentamidini ni sumu kwa seli za insulini. Seli zinapopasuka humwaga insulini yote kwa mkupuo na sukari huanguka. Zikiisha kufa, anayebaki ni mgonjwa wa kisukari anayehitaji sindano maisha yake yote. Kiu na kukojoa sana wiki kadhaa baada ya tiba hiyo vilikuwa na maana nzito. Desemba 2018 Kongo iliidhinisha feksinidazoli, vidonge vya siku 10, ambavyo havina sumu hiyo kwa kongosho. Navyo vina sharti lao: lazima vimezwe baada ya chakula, na kutapika ni miongoni mwa madhara yake ya kawaida. Mwenye kisukari huanza kwa sahani ya chakula, kwa mfano lituma (ndizi za kupondwa) na samaki. Kisha vidonge mbele ya muuguzi. Na insulini ya haraka huchomwa ikionekana kwamba chakula kimekaa. Kuichelewesha hivyo huacha sukari ipande kidogo baada ya mlo, jambo linalovumilika kuliko insulini iliyokwisha ingia huku chakula kimetapikwa.

Dawa za jamii ya kotisoni, kama zinazotolewa kwa kifua kikuu cha utando wa ubongo, hufuata saa. Prednisoloni ya asubuhi hupandisha sukari kuanzia mchana hadi jioni na kuiachia alfajiri. NPH ya asubuhi huenda nayo sawia: yuniti 0.1 kwa kila kilo ya uzito kwa kila miligramu 10 za prednisoloni, bila kuvuka yuniti 0.4 kwa kilo, juu ya dozi ya kawaida. Kuiongeza NPH ya usiku ni kumtafutia mgonjwa anguko la alfajiri. Deksamethasoni hudumu zaidi ya siku, na nyongeza yake hugawanywa asubuhi na jioni. Kotisoni inapopunguzwa, nyongeza ya insulini hupunguzwa siku hiyohiyo.

Kipindupindu, kama kile kilichoanzia upande wa Kisangani mwaka 2011 na kuteremka na mto hadi Kinshasa, hakibadilishi kanuni. Maji ya chumvichumvi yana gramu 13.5 za glukosi kwa lita, na mwenye kisukari huyanywa kama wengine, insulini ikiendelea.

Yote haya hutegemea insulini iliyo hai. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliofuata joto la nyumba za kambi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya: chupa zilizokaa wiki 4 kati ya nyuzi 25 na 37 hazikupoteza nguvu yenye maana. Tshopo haina joto kali kama la Dadaab. Lakini mtungi wa udongo wa kuwekea insulini hauwezi kupoza Tshopo kama unavyopoza Dadaab, kwa kuwa hewa ya msitu ina unyevu na maji hayakauki haraka. Kivuli na kuepuka jua hufanya sehemu kubwa ya kazi.

Siku ya kuruhusiwa, dozi ya hospitali huandikwa kando ya dozi ya zamani, pamoja na tarehe ya kurudi kwenye ile ya zamani, kwani homa ikiisha hitaji la insulini hushuka ndani ya siku chache. Bomba la sindano hukaguliwa pia. Chupa za siku hizi zina yuniti 100 kwa mililita. Bomba lenye alama za yuniti 40 kwa mililita, likijazwa hadi alama ya 10, humpa mgonjwa yuniti 25.